Usilaumu Jua la Bagamoyo: Namna ya Kusoma Kasi ya Prosesa

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kwenye kompyuta yenye Windows, fungua sehemu ya "Performance", kisha chagua "CPU". Utaona namba isiyotulia. Kompyuta ikiwa imekaa bure, namba hiyo inaweza kuwa GHz 0.8. Ukianza kazi nzito inaruka hadi 3.2, na baada ya muda, kazi ileile ikiendelea, inashuka hadi 2.1. Pembeni yake kuna maandishi ya "Base speed" yenye namba isiyosogea kabisa, tuseme 1.6. Mwenye stesheneri pale Magomeni ya Bagamoyo anayewajazia wanafunzi fomu za mkopo wa HESLB, au mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa anayehariri video ya ngoma, akiyaona hayo hutoa hukumu moja kati ya mbili: ameuziwa mashine mbovu, au joto la pwani limeishinda. Hukumu zote mbili mara nyingi ni za haraka. Kupanda na kushuka kwa kasi ndiyo tabia ya kawaida ya prosesa za siku hizi, na jua lenyewe hula sehemu ndogo ya kasi kuliko watu wanavyodhani. Kinachokula sehemu kubwa ni vitu vinavyoweza kuondolewa: vumbi lililogandana na chumvi, pesti ya kupitishia joto iliyokauka, chaja isiyo yake. Ili uvitambue, unatakiwa kusoma mambo matatu kwa pamoja, yaani kasi, joto na kiasi cha kazi. Kasi ikisomwa peke yake hupotosha.

Tuanze na sababu. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa huishia kuwa joto, wati kwa wati. Hakuna sehemu yake inayotoka kwa sura nyingine. Kiasi cha umeme huo hutegemea mambo mawili makubwa: mara ngapi kwa sekunde swichi zake ndogo zinawaka na kuzima, na volteji inayoziendesha. Kasi huhesabiwa mara moja, lakini volteji huhesabiwa kwa kipeo cha pili. Chukua prosesa inayofanya kazi kwa volti 1.2, ipunguze kasi iwe nusu, na kwa kuwa kasi ndogo haihitaji msukumo mkubwa, ishushe volteji hadi 0.8. Matumizi hayabaki nusu. Yanakuwa kidogo zaidi ya moja ya tano. Upande wa pili nao una ukali wake: kila unapotaka kasi zaidi lazima uongeze volteji pia, na matumizi ya umeme hukua karibu kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ongeza kasi kwa asilimia 10, na joto litapanda kwa karibu theluthi nzima. Ndiyo maana mtengenezaji hawezi kuiacha prosesa ikimbie kwa nguvu zote saa zote, na ndiyo maana kuipunguza kidogo tu huleta nafuu kubwa.

Kwa miaka mingi viwanda vilijaribu kulikwepa jambo hili kwa kufanya swichi ziwe ndogo zaidi, na tangu mwaka 1974, mhandisi Robert Dennard na wenzake walipoeleza hesabu zake, njia hiyo ilifanya kazi vizuri sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikwama. Mwaka 2004 Intel iliachana na mpango wake wa kuuza Pentium 4 ya GHz 4, kwa kuwa joto lilikuwa limeshakuwa ukuta. Kuanzia hapo mashindano yakahamia kwingine: viini vingi ndani ya prosesa moja, na akili ya kugawa umeme kulingana na kazi. Intel ilikuwa imeanza na SpeedStep kwenye laptopu mwaka 2000, teknolojia ya kupunguza kasi. Mwaka 2008 ikaleta Turbo Boost, ya kuipandisha juu ya kiwango cha msingi pale nafasi ya joto inaporuhusu. Kwa hiyo ile "Base speed" ni ahadi ya chini: mtengenezaji anasema kwamba mashine ikipoozwa inavyotakiwa, itaweza kushikilia kasi hiyo kwenye kazi nzito bila kuchoka. Core i5-8250U ya mwaka 2017, iliyomo kwenye laptopu nyingi za mtumba zinazoshuka Kariakoo, imeahidiwa GHz 1.6 kwa joto la wati 15, na huweza kuruka hadi 3.4. Aliyeinunua kwa sababu ya hiyo 3.4 hajadanganywa, ila ajue kwamba 3.4 ni ya mbio fupi.

Mtu anaweza kuuliza: kama tatizo ni joto, kwa nini isiwekwe kasi moja ya wastani, isiyopanda wala kushuka, tukaishi kwa amani? Jibu liko kwenye aina ya kazi zetu. Anayechapa barua anatumia prosesa kwa vipande vidogo sana vya muda: anabonyeza herufi, prosesa inaamka, inaichora, inalala. Kati ya herufi mbili kuna muda mrefu mno kwa kipimo cha prosesa. Ikiwa ina kasi kubwa kwa kipande kile kifupi, ukurasa unafunguka papo hapo. Ikilala baada ya hapo, viini vyake karibu vinazimika kabisa na betri inapumua. Kasi moja ya wastani ingekupa ucheleweshaji pale unapohitaji wepesi, na upotevu wa umeme pale usipohitaji kitu. Kwa hiyo ukiona 0.8 wakati hakuna kazi, hiyo ni mashine yenye afya.

Sasa tulipime jua. Prosesa nyingi za laptopu hujilinda zikifika karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Hapo hupunguza kasi zenyewe. Joto hutoka kwenye prosesa kwenda hewani kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati yao. Kwenye ofisi ya Ulaya yenye nyuzi 20, tofauti hiyo ni 80. Kwenye duka la Dunda, Bagamoyo, wakati wa kaskazi, hewa ikiwa nyuzi 32, tofauti ni 68. Maana yake mfumo uleule wa kupooza unaweza kuondoa joto pungufu kwa asilimia 15. Hiyo si ndogo, lakini kumbuka kile kipeo cha tatu: upungufu wa asilimia 15 wa joto linaloruhusiwa hugharimu kama asilimia 5 tu ya kasi. Kazi ya dakika 20 itachukua dakika 21. Hakuna mteja atakayeigundua. Sasa linganisha na laptopu ambayo njia yake ya hewa imeziba hadi uwezo wa kupooza umebaki nusu. Hapo joto linaloruhusiwa linakuwa nusu, na kasi inashuka kwa asilimia 20 hata kwa hesabu ya huruma. Kiuhalisia inaweza kushuka zaidi, maana volteji ikishafika chini kabisa haiteremki tena, na kuanzia hapo prosesa inalazimika kukata kasi yenyewe bila ile nafuu ya kipeo. Mashine hiyohiyo, mji huohuo, jua lilelile: uchafu umekula mara nne au zaidi ya kile kilicholiwa na hali ya hewa.

Hii haimaanishi kwamba pwani haina hatia. Hatia yake iko mahali tofauti na tunapopatazama. Kuanzia Mapinga na Kerege hadi Saadani, hewa inayotoka baharini hubeba chembe za chumvi, na chumvi ina tabia moja inayofaa kukumbukwa: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, huvuta maji kutoka hewani hadi kuyeyuka yenyewe. Usiku wa pwani unyevu hupita kiwango hicho mara kwa mara. Feni ya laptopu inavuta hewa hiyo na kuipitisha kati ya mapezi membamba ya shaba au alumini. Vumbi la Dodoma, likiwa kavu, hupeperushwa kwa bloa likaisha. Vumbi la Bagamoyo hulowana na chumvi usiku, hukauka mchana, hulowana tena, na baada ya misimu miwili linakuwa tabaka gumu linaloziba mapezi kama plasta. Chumvi hiyo hiyo hutafuna chuma na kufanya feni izunguke kwa tabu. Ndiyo sababu fundi anayepuliza tu kwa nje bila kufungua hajamaliza kazi katika ukanda huu, hata kama kupuliza huko kungetosha kabisa bara.

Kwa hiyo pima kabla ya kuhukumu. Weka programu ya bure ya HWiNFO ili uone joto, na 7-Zip ili upate kazi nzito. Ndani ya 7-Zip, kwenye menyu ya "Tools", kuna "Benchmark" inayoishughulisha prosesa yote. Chomeka chaja, weka laptopu juu ya meza ngumu, funga programu nyingine, uiache dakika 10. Soma kasi, joto na asilimia ya kazi. Kisha endesha jaribio kwa dakika tano bila kuligusa. Sekunde za mwanzo kasi itapanda karibu na kilele chake, baada ya nusu dakika hivi itateremka, kwa kuwa mtengenezaji ameruhusu wati za ziada kwa muda mfupi tu, kisha itatulia. Pale inapotulia ndipo penye habari. Ikitulia juu ya "Base speed", mashine ni nzima, hata kama joto liko nyuzi 85. Ikitulia chini ya "Base speed" na joto likigonga 95 hadi 100, mfumo wa kupooza ni mgonjwa. Ikitulia chini ya "Base speed" huku joto likiwa nyuzi 50 au 60, usiifungue mashine wala usinunue pesti: kuna kitu kinachoibana, na mara nyingi ni umeme au mpangilio. Na ikiwa hata kabla ya jaribio kasi iko juu na asilimia ya kazi haishuki chini ya 30, kuna programu inayofanya kazi bila wewe kuiita. Huenda ni masasisho ya Windows, na hayo yatakwisha. Kwenye stesheneri ambako flashi za watu wengi huchomekwa kila siku, huenda ni kirusi, na hicho hakitakwisha chenyewe.

Habari ya umeme inastahili maneno zaidi kwa sababu ndiyo inayowapotezea watu fedha nyingi. Laptopu nyingi za Dell na HP huwasiliana na chaja kupitia pini ndogo iliyo katikati ya kichwa cha waya. Pini hiyo ndiyo inayoieleza mashine kwamba chaja ni ya wati 65 au 90. Chaja ya bandia isiyosema kitu, au ya asili ambayo pini yake imepinda, huiacha mashine gizani, nayo huchagua usalama: inakataa kuchaji betri, na inajifunga kwenye kasi ya chini kabisa. Ukiona kasi imeganda kwenye 0.39 au 0.78 hata unapofungua kazi nzito, na joto ni dogo, azima chaja halisi ya mashine hiyo kabla ya kufanya jambo lolote. Watu wameshaweka Windows upya, wameongeza RAM, wameuza laptopu nzima kwa bei ya kutupa, wakati ugonjwa ulikuwa kwenye waya. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mwenye kupoteza hapa ni yule asiye na fedha za kupoteza.

Lipo pingamizi ambalo mafundi wengi hulitoa kwa nia njema: kwamba kupanda na kushuka huku kunachakaza prosesa, na dawa ni kuiweka kwenye "High performance" ili itulie juu. Lina chembe ya ukweli. Kupata joto na kupoa mara nyingi huchosha risasi inayoshikilia vipande kwenye bodi. Lakini joto hilo linatoka kwenye kazi; ukiigandisha kasi juu, kazi zitaendelea kuja na kuondoka, na joto litapanda na kushuka vilevile. Kubadili kasi kwenyewe hakusogezi kitu chochote ndani ya prosesa, na hutokea kwa muda mfupi kuliko elfu ya sekunde moja kwenye mashine za karibuni. Kinachozeesha prosesa ni joto na volteji kubwa kwa muda mrefu, vitu vile vile ambavyo "High performance" inaviongeza. Tuwe waadilifu: hasara yake si kubwa kama wengine wanavyotisha, maana hata katika mpangilio huo viini vyaweza kulala kazi ikikosekana. Ila kwetu kuna hasara ya pili ambayo mtu wa Nairobi au Arusha haijui. Feni huzunguka zaidi, na kila mzunguko unaingiza hewa ya chumvi. Iache mashine kwenye "Balanced". Kasi utakayoikosa hutaiona.

Kusafisha ndiko kunakorudisha kasi. Kwa mashine inayofanya kazi kutwa karibu na bahari, panga mara mbili kwa mwaka, na moja iwe mwezi wa Novemba, kabla kaskazi haijakolea na joto la Januari na Februari kufika. Mwambie fundi wazi kwamba unataka kifuniko cha chini kifunguliwe, feni itolewe, mapezi yasafishwe kwa brashi laini na alkoholi safi ya zaidi ya asilimia 90, kisha pesti ya zamani ifutwe na kuwekwa mpya. Maji hapana. Akitumia bloa, aishike feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa na upepo mkali mhimili wake huharibika. Betri ichomolewe kwanza. Baada ya hapo rudia jaribio la dakika tano palepale dukani na ulinganishe na namba ulizoziandika kabla. Kazi nzuri huonekana kwa nyuzi kadhaa pungufu na kasi inayotulia juu zaidi. Nyumbani, ondoa laptopu juu ya godoro na mto, kwa kuwa matundu mengi ya kuvuta hewa yako chini. Na kile kitambaa cha kufuma au khanga tunayofunikia kompyuta isiingie vumbi ni kitu kizuri ikiwa mashine imezimwa na imepoa. Ikiwa inafanya kazi, au imelala tu bila kuzimwa, kitambaa hicho huigeuza hewa yake kuwa hewa ya moto inayozunguka palepale.

Atatokea wa kusema dawa ni kiyoyozi. Rudi kwenye hesabu: kushusha chumba kutoka nyuzi 32 hadi 24 kunaongeza tofauti kutoka 68 hadi 76, ambayo ni kama asilimia 4 ya kasi, kwa kifaa kinachoweza kula wati 1,000 ili kuipooza laptopu ya wati 15 au 45. Kama ni kwa ajili ya kasi, LUKU yako itakwisha bure. Kiyoyozi kina faida nyingine ya kweli: hukausha hewa, na chumba kikiwa kikavu na kimefungwa chumvi haipati nafasi ya kuyeyuka. Maabara ya shule yenye mashine 20 inaweza kuhalalisha gharama hiyo. Duka la mtu mmoja halihitaji. Linahitaji dari chini ya bati, kwa sababu chumba cha bati tupu mchana kinaweza kuzidi nyuzi 35, kiwango ambacho watengenezaji wengi wa laptopu hukitaja kuwa kikomo cha hewa ya kufanyia kazi. Na linahitaji meza isogezwe mbali na dirisha linaloitazama bahari.

Kuna wakati unatakiwa kuipunguza kasi wewe mwenyewe, kwa makusudi. Umeme umekatika, una betri ya saa mbili, na kazi yako ni kuchapa. Au ni Februari, unatoa video ndefu, na feni inalia. Ndani ya "Power Options" za "Control Panel", fungua mipangilio ya ndani ya mpango unaoutumia, tafuta "Processor power management", na ushushe "Maximum processor state" kutoka 100 hadi 99. Kwenye prosesa za Intel, hatua hiyo moja ya asilimia huzima Turbo Boost, na kasi haitavuka ile ya msingi. Mashine inapoa kwa kiasi utakachokihisi kwa mkono. Baadhi ya laptopu mpya huficha mpangilio huo; kwenye hizo chagua "Best power efficiency" katika sehemu ya "Power". Kazi ya video itachelewa, na usikubali kudanganywa kwamba haitachelewa, lakini kuchapa barua au kujaza fomu mtandaoni hakutabadilika. Simu nazo hufuata kanuni hiihii bila hata feni: anayerekodi tamasha mchana kweupe na simu ikaanza kukwama na kufifisha kioo, aiweke kivulini na avue kava.

Unapokwenda kununua, beba 7-Zip na HWiNFO kwenye flashi. Omba dakika tano kwa kutumia chaja utakayopewa, wala si ile ya kwenye meza ya muuzaji. Usiulize GHz zilizoandikwa kwenye stika. Angalia ni wapi kasi inatulia na joto lilikuwa kiasi gani. Mashine iliyotulia chini ya "Base speed" kwa nyuzi 98 si lazima uiache, kwa kuwa huenda inahitaji kusafishwa na pesti mpya tu, na hilo ni jambo la kupunguziwa bei. Iliyoganda kwenye 0.78 ikiwa baridi, omba chaja nyingine ujaribu tena. Ikiganda tena, tatizo limo kwenye bodi. Hiyo mwachie mwenyewe.